Na Yeye Abebe

Jessamine alipotoka kuogelea mchana ule wa Jumamosi, dada yake Verdina aliona alama mbili za viganja mabegani mwake. Zilikuwa za mchanga, kimoja bega la kulia na kimoja la kushoto, vidole vikielekea kifuani, kama viganja vya mtu aliyebebwa mgongoni. Chini kidogo, kiunoni, mchanga mwingine ulikuwa umeganda pande zote mbili, pale ambapo magoti ya mtu huyo yangebana. Jessamine mwenyewe alikuwa ameloa chapachapa. Mchanga ule ulikuwa mkavu.

"Mbona unaniangalia hivyo?" Jessamine aliuliza huku akikamua nywele.

"Geuka nikufute."

Verdina alichukua taulo akamfuta. Mchanga ulikuwa wa baridi, baridi ya kitu kilichotolewa chini kabisa, na haukutoka kwa urahisi. Alipomaliza alilikunja taulo, akaliweka mbali na mataulo mengine. Angeweza kusema alichokiona. Alinyamaza, na alijua kwa nini ananyamaza.

Walikuwa wamekuja kwenye hifadhi ya jimbo, ile ya ufukweni ng'ambo ya daraja, kwa siku tatu: wao wawili na Thaddeus, mume wa Jessamine. Mama yao, Bi Hester Capers, alikuwa amefariki mwezi Machi, na Jessamine ndiye aliyetoa wazo kwamba Agosti waje kumkumbuka mahali alipopapenda. Bi Hester alipokuwa msichana hakuruhusiwa kukanyaga mchanga ule. Ulikuwa wa watu weupe peke yao. Sheria ilipobadilika hakukosa kiangazi hata kimoja. Alikuja na kapu la kuku wa kukaanga na mwavuli mweusi wa kwendea kanisani, akakaa mbele kabisa, pale mawimbi yanapofika miguuni, mpaka jua lizame. Safari hii watoto wake walikodi kibanda cha mbao ndani ya msitu wa hifadhi, mwendo wa dakika tano kutoka majini.

Verdina alikuwa na miaka arobaini na sita. Alipika katika kantini ya shule kisiwani kwao, na hakuwahi kuolewa. Mama yao alipopooza upande mmoja, mtu aliyekuwepo nyumbani alikuwa yeye, kwa hiyo wa kumtunza akawa yeye. Kwa miaka kumi na moja alimtoa mama kitandani akamweka kitini, akamtoa kitini akampeleka msalani, akamrudisha. Mgongo wake ulizoea uzito ule mpaka akawa anasimama ameinama kidogo hata akiwa mikono mitupu. Jessamine, mdogo wake kwa miaka mitano, alikuwa mwalimu mkuu huko Charlotte. Alipiga simu kila Jumapili, alituma vitu vizuri, na alikuja Krismasi. Na alipokuja, uso wa mama, ambao nusu yake ilikuwa imekufa, ulitafuta tabasamu kwa ile nusu iliyobaki. Verdina alikuwa akisimama mlangoni na beseni la maji, akiutazama uso ule. Hakuwahi kuuona ukimgeukia yeye hivyo.

Siku ya mwisho, Jumatano alasiri, mama alimkamata Verdina mkono kwa mkono wake mzima. Alimkamata kwa nguvu ambazo hakuwa nazo kwa miezi.

"Jessamine, mwanangu," alisema. "Nilijua ni wewe. Wewe ndiye uliyenibeba."

Kisha akafa. Mdogo mtu alifika saa nne baadaye, viatu mkononi, na swali lake la kwanza pale mlangoni lilikuwa kama mama alimuulizia.

"Hapana," Verdina alisema. "Hakukutaja."

Ndilo neno alilolishikilia miezi mitano. Na asubuhi hii ya Jumamosi, kabla ya kuogelea, Jessamine alikuwa amelichokoa tena. Walikuwa wakitembea upande wa kaskazini wa ufukwe, kule ambako bahari imekuwa ikiula msitu mwaka hadi mwaka na miti imelala mchangani mizima mizima, imechujuka, myeupe kama mifupa.

"Hata mara moja, Verdina? Hata kwa kuweweseka?"

"Nimeshakwambia."

"Najua umeshaniambia. Ni kwamba sipati usingizi."

Alianza kulia. Thaddeus, aliyekuwa nyuma na boksi la barafu, alilitua akaja kumkumbatia, akamwongoza taratibu kurudi kwenye viti vyao. Verdina alibaki. Aliwatazama wakienda wameegemeana, akafikiri kwamba katika maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kutua mzigo ili amshike yeye. Aliweka kiganja juu ya gogo moja lililokuwa na mizizi hewani na uvungu mweusi chini yake.

"Mimi nimebeba miaka kumi na moja," alisema kwa sauti ya chini. "Na yeye abebe."

Upepo ulikatika. Katika ule uvungu kitu kilijisogeza, kama mtu mzito anayejiandaa kuinuka kitini, na ikatoka harufu ya tope la kinamasi, tope jeusi linalonuka mayai, ingawa kinamasi kiko upande wa pili wa kisiwa. Verdina aliondoa mkono, akaenda zake kwa haraka bila kugeuka.

Kwao kila mtoto anakua akijua habari za hegi. Ni jini asiye na ngozi yake mwenyewe, mwekundu na mbichi, na kwa hiyo anazionea kijicho ngozi za watu, na akiipata moja huivaa. Humpanda mtu kama farasi, akamnyonya pumzi, na mtu huamka amechoka kuliko alivyolala. Ndiyo maana nyumba za kisiwani zimepakwa buluu kwenye fremu za milango na madirisha. Hegi havuki buluu. Vibanda vya hifadhi vilikuwa vimepakwa rangi ya kahawia, ili vifanane na msitu.

Saa nane mchana Jessamine alisema mabega yanamuuma. Alijinyoosha kwenye kiti cha turubai barazani akalala. Thaddeus alikuwa ameenda kuvua samaki gatini. Verdina alikaa mezani akimenya kamba wa jioni, vichwa bakuli hili, nyama bakuli lile, na kwa muda hakukuwa na kitu ila joto na mlio wa nyenje.

Halafu kiti kililia. Turubai lilikuwa limeshuka. Jessamine alikuwa mwembamba, dakika chache zilizopita kiti kilimchukua bila taabu, na sasa tumbo la turubai lilikuwa likikaribia kugusa mbao za sakafu, na miguu ya kiti ilikuwa imepinda. Verdina aliacha kumenya. Alisikia mdogo wake akipumua, pumzi ndefu ya mtu aliyelala fofofo, na ndani ya pumzi ile akasikia pumzi nyingine, fupi, ya haraka, yenye maji, iliyokuwa ikivuta hewa kila Jessamine alipoitoa, ikivuta na kuvuta bila kurudisha, na ile harufu ya tope ikapanda barazani polepole mpaka ikafunika harufu ya kamba, mpaka ikafunika hata harufu ya mikono yake mwenyewe, na alipotaka kuinuka aligundua kwamba hawezi, kwa kuwa kitu kilichokuwa juu ya kifua cha Jessamine, kitu asichokiona, kilikuwa kimegeuza kichwa kumtazama, na alijua kimegeuza kichwa kwa sababu ile pumzi fupi ilikuwa sasa inamfikia usoni.

Hakikumtazama kwa ubaya. Kilimtazama kama mfanyakazi anavyomtazama aliyempa kazi.

Bakuli lilianguka. Jessamine akashtuka, kiti kikainuka nusu.

"Nimelala sana?" aliuliza. Midomo yake ilikuwa imekauka. "Nimeota nabebeshwa gunia."

"Dakika kumi tu," Verdina alisema, akainama kuokota kamba.

Hapo pia angeweza kusema. Nitasema ukweli wake kama alivyokuja kuusema mwenyewe baadaye: hofu ilikuwepo, lakini chini ya hofu kulikuwa na kitu kingine, kidogo na kitamu. Jessamine aliinuka kitini kwa kushika kiuno, akaenda chooni ameinama, na Verdina akamfuata kwa macho. Kwa mara ya kwanza katika maisha yao walikuwa wakitembea sawasawa.

Jumapili asubuhi Thaddeus alirudi kutoka ufukweni uso umemkunjamana.

"Shemeji, njoo uone kitu."

Alimwonyesha njia ambayo Jessamine alikuwa ameipita kwenda majini. Nyayo zake zilikuwa za mguu mdogo, zinajulikana, na zilikuwa zimezama mpaka kwenye kifundo. Kando yake nyayo za Thaddeus, mtu wa mwili mkubwa aliyewahi kucheza mpira wa chuo, zilikuwa zimegusa mchanga juu juu tu.

"Mchanga ni laini hapa," Verdina alisema.

"Laini kwake, mgumu kwangu?"

Ilipofika saa tano Jessamine hakuweza kuinua kichwa. Alikaa ukingoni mwa kitanda, kidevu kikigusa kifua, mikono imening'inia. Hakutaka chai baridi, hakutaka tikiti. Sauti yake ilikuwa imekuwa nyembamba. Thaddeus alisema ni jua, akasema ni jua mara tatu, kisha akambeba mpaka kwenye gari. Alimbeba kwa shida. Verdina aliona mishipa ya shingo ikimtoka, na aliposhuka ngazi ya pili ubao ukapasuka.

Katika zahanati ng'ambo ya daraja muuguzi alimsimamisha Jessamine kwenye mizani. Namba ziliruka, zikatulia kwenye pauni mia mbili hamsini na nane.

"Uzito wako wa kawaida ni kiasi gani, mama?"

"Mia na arobaini," Jessamine alisema bila kuangalia.

Muuguzi alicheka kidogo, akasema mizani hizi zimechoka kama yeye. Akaleta nyingine. Nayo ikasema mia mbili hamsini na nane. Akaandika mia na arobaini kwenye fomu, akamtundikia Jessamine chupa ya maji, na daktari akasema ni upungufu wa maji mwilini, apumzike kivulini.

Thaddeus alitoka kwenda kununua dawa, na dada wawili wakabaki ndani ya pazia lile la plastiki. Jessamine alimwashiria mkubwa wake asogee.

"Verdina, nikwambie kitu usimwambie Thaddeus. Ataona nimechanganyikiwa."

"Niambie."

"Kuna mtu mgongoni mwangu."

Verdina alivuta pazia lifunge vizuri.

"Nadhani ni mama," Jessamine alisema. "Amekasirika. Sikuja. Kila mwaka nilijiambia mwaka huu nitachukua likizo nimtunze hata miezi miwili, upumzike, na kila mwaka kulikuwa na sababu. Ndiyo maana hakuniulizia alipokuwa anakufa. Sasa amekuja nimbebe." Alivuta pumzi, na Verdina akasikia ile nyingine ikiivuta naye. "Basi mwache. Usimwite mchungaji wala mtu yeyote. Nastahili. Wewe umembeba zamu yako."

"Si mama," Verdina alisema.

"Unajuaje?"

Alitoka mle kwenye pazia, akapita chumba cha kungojea, akapita kwenye maegesho bila kumjibu Thaddeus aliyekuwa anamwita, akamnyang'anya funguo za gari mkononi, akaendesha.

Bi Ozelle Grayson aliendesha basi la shule kisiwani miaka thelathini, na alipostaafu alibaki na ile kazi yake nyingine, ya uganga wa mizizi, ambayo alikuwa ameirithi kwa baba yake. Wengine walimwogopa. Verdina alimkuta uani anaosha gari lake la mizigo kwa mpira, na redio ya kanisa inaimba kwenye kiti cha dereva.

"Unanuka kinamasi," Bi Ozelle alisema kabla ya salamu. "Na viatu vyako havina tope. Nani amepandwa?"

"Jessamine."

"Nani amemwitia hegi?"

"Sijui, Bi Ozelle. Tulikuwa kwenye ile miti, labda hegi alikuwepo pale siku zote, labda…"

"Verdina." Bibi alifunga maji. "Nilikuendesha basi miaka tisa. Ulikuwa unakaa kiti cha tatu, na kila ulipokuwa ukidanganya ulikuwa unashika mkono wako wa kushoto kwa mkono wa kulia. Nilikuwa nakuona kwenye kioo. Angalia mikono yako."

Verdina aliangalia. Aliiachanisha. Kisha akakaa chini pale pale kwenye maji ya sabuni, akasema alichokisema kwenye gogo, na namba za mizani ya zahanati.

Bi Ozelle alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumpa pole.

"Chumvi ninayo na ufagio ninao, ila hivyo ni vya hegi aliyekuja mwenyewe. Huyu alitumwa. Aliyetumwa anamtambua mwenye neno peke yake. Utasimama pale pale uliposimama, mdogo wako akiwa anakusikia, na utatoa kile unachomwonea kijicho. Chote. Kijicho ndicho chakula chake; ukiacha chembe ndani, umemwachia pa kushika. Na ni kesho asubuhi, bahari ikirudi nyuma. Mtu wa pauni mia na arobaini habebi hivyo siku tatu."

"Atanichukia."

"Inawezekana," Bi Ozelle alisema, akafungua maji tena.

Jumatatu saa tatu asubuhi bahari ilikuwa imerudi nyuma, na ukungu mwembamba ulikuwa umeshuka juu ya ile miti myeupe. Watalii hawakuwepo upande ule. Thaddeus na Bi Ozelle walimleta Jessamine kwa kigari cha mkono, kile cha kubebea kuni za kambi, na magurudumu yalikata mfereji mchangani kama ya lori. Walimkalisha mbele ya gogo. Alikuwa amekunjika mpaka paji la uso linakaribia magoti. Bi Ozelle alimzungushia chumvi duara nzima, akaacha wazi sehemu moja tu, upande wa bahari.

"Mlango ni ule," alisema, na hakuwa akizungumza na wao. "Verdina, anza."

Verdina aliweka kiganja pale pale. Mti ulikuwa na joto kama ubavu wa ng'ombe.

"Jessamine. Mama alikuulizia."

Jessamine hakujisogeza.

"Alikuita siku nzima ya Jumanne, na Jumatano asubuhi. Jina lako tu. Nilikuwa namnywesha uji na alikuwa anageuza uso kutazama mlango. Nilikudanganya. Nilikudanganya pale mlangoni, na nikaendelea kila uliponiuliza, na juzi tena, hapa hapa. Huyo mgongoni kwako si mama. Ni hegi, na mimi ndiye niliyekuitia. Nilisema na wewe ubebe."

Jessamine alitoa sauti ambayo haikuwa neno. Ukungu ulisogea. Ile harufu ikawaangukia wote, Thaddeus akaziba pua kwa kiwiko, na pumzi fupi ikaanza kusikika waziwazi, ya haraka, ya mtu anayekurupushwa.

"Hegi analegea," Bi Ozelle alinong'ona. "Endelea. Alisema nini mwisho?"

Verdina alifungua mdomo. Aliuona mkono wa mama juu ya wake, vidole vigumu, kucha alizozikata yeye mwenyewe Jumapili. Aliisikia sauti ile, wewe ndiye uliyenibeba. Ni maneno pekee ya shukrani aliyowahi kupewa kwa miaka kumi na moja, na yalikuwa na jina la mtu mwingine mbele yake. Akiyasema yote yatakuwa ya Jessamine, moja kwa moja, na yeye atabaki bila kitu.

"Alinishika mkono," alisema. "Akaniambia, Verdina, wewe ndiye uliyenibeba."

Mkono wake wa kulia ulikuwa kwenye gogo. Safari hii haukuweza kuushika wa kushoto.

"Umemaliza?" Bi Ozelle aliuliza.

"Nimemaliza."

Bibi alimtazama kwa muda mrefu. Kisha Jessamine alipiga yowe, mgongo wake ukanyooka ghafla kama fimbo iliyoachiliwa, na mchanga mbele yake, ndani ya duara, ukabonyea: mguu mmoja, mguu wa pili, vidole virefu, bila kisigino. Nyayo zilielekea pale palipoachwa wazi. Zikasimama hapo. Ziligeuka. Verdina alihisi ile pumzi usoni mwake mara moja, karibu sana, kama mtu anayemnusa mwenzake ili amkumbuke. Halafu chumvi ikatawanyika upande wa nchi kavu, nyayo zikaruka duara, na wote wanne wakaziona zikipanda mchanga, nyepesi sasa, zikipita katikati ya miti myeupe kuelekea msituni. Thaddeus alizifuata mpaka barabara ya lami ya hifadhi, pale magari yanapoegeshwa. Zilikwisha hapo.

"Nilitaka hegi aingie baharini," Bi Ozelle alisema. Alikuwa anaokota mfuko wake wa chumvi na hakumtazama mtu.

Jessamine alikuwa amesimama. Alizungusha mabega, akanyanyua shingo, akavuta hewa mpaka mwisho na kuitoa yote. Kisha alimgeukia dada yake.

"Miezi mitano," alisema. "Ulikuwa unanitazama nikilia. Mara nyingine ulikuwa unanipa kitambaa."

"Najua."

"Ungeniambia nikuonee huruma, ningekuonea. Ungesema umechoka, Verdina. Ungesema hata mara moja."

"Ulikuwa ukija unamwona mama anacheka," Verdina alisema. "Usiniambie ningesema nini."

Hawakusemezana tena. Thaddeus alikunja viti, akatupa kamba waliobaki, akarudisha funguo za kibanda kwa mlinzi wa hifadhi. Saa sita mchana gari lao lilivuka daraja, na Bi Ozelle akamrudisha Verdina nyumbani kwa gari lake la mizigo, redio ikiwa imezimwa.

Septemba ikapita, na Oktoba. Verdina alipika kantini, alikwenda kanisani, alilala vizuri. Aliandika barua mbili akazichana. Jumapili simu haikulia. Nyumba iliyokuwa imejaa mtu mmoja mgonjwa sasa ilikuwa na nafasi kila mahali, na mara nyingi jioni alijikuta anafikiria jiko la Charlotte, taa zake, dirisha lake kubwa, na Jessamine akimwandalia kahawa mtu yeyote aliyepita pale isipokuwa yeye.

Mwishoni mwa Novemba, siku moja kabla ya Sikukuu ya Shukrani, alijikaza akapiga simu. Ilikuwa saa nne asubuhi. Alipokea Thaddeus.

"Thaddeus, ni Verdina. Najua hataki kuzungumza na mimi. Mwambie tu nimepiga."

Thaddeus alicheka. "Shemeji, acha mizaha. Unapiga kutoka bafuni au?"

"Napiga kutoka nyumbani."

"Haya, sawa. Sikiliza, maadamu umenipigia." Alishusha sauti, akaonekana kusogea pembeni. "Nilikuwa natafuta nafasi nikwambie asante. Ulivyokuja juzi bila taarifa niliogopa, Mungu anisamehe. Nilidhani mtatoana macho. Lakini tangu umweleze yale mama aliyosema akiwa amekushika mkono, yote, na jina alilolitaja, amekuwa mtu mwingine. Anakula. Analala. Sijamsikia akicheka hivi tangu Machi. Msikie."

Alielekeza simu jikoni. Verdina alisikia maji ya bomba na sufuria ikigongwa. Alisikia Jessamine akicheka, kile kicheko chake cha utotoni cha kukwama kooni, na sauti nyingine ikamjibu kwa hadithi ya mwavuli mweusi wa kanisani. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, ila changamfu, sauti ambayo angekuwa nayo kama angekuwa mtu wa kupendwa. Jessamine alisema, "Dada, nipe hilo bakuli, umefanya kazi ya kutosha, kaa chini," na kiti kikavutwa.

Verdina alijua anapaswa kupiga kelele. Alijua amwambie Thaddeus amtoe mkewe nje, amwage chumvi mlangoni, apige simu kwa Bi Ozelle. Alikuwa na maneno yote mdomoni. Lakini kilichompanda kwanza, kabla ya hofu, kikamjaa mpaka kwenye macho, kilikuwa wivu, kwa sababu kiti kile kilipaswa kuwa chake, na neno lile la kaa chini lilikuwa lake.

Kule jikoni yule mwingine alikatiza kicheko katikati. Akavuta hewa, pumzi fupi, yenye maji, kama mtu aliyeletewa chakula.